Pete Yenye Viungo Kumi na Viwili

Mhariri wa kurasa za Kiswahili amenitaka niwaandikie ndugu zangu wanafunzi habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa moyo mweupe. Nilisoma katika shule hii mpaka kidato cha sita, kisha nikajifunza kazi ya maabara, na sasa yapata miaka kumi na tisa napima damu za wagonjwa katika hospitali moja ya mashariki ya Uganda. Kazi yenyewe haina makuu. Damu huletwa katika tyubu ndogo, nasi huipima, tukaandika namba katika karatasi, na karatasi ikarudi kwa daktari. Mwenye damu mara nyingi hatumwoni kabisa.

Lakini kati ya namba hizo iko moja ambayo nikiisoma huituliza mkono kwanza kabla ya kuiandika. Ni namba ya potasiamu. Leo nataka kueleza jinsi namba hiyo inavyopatikana, maana ndani yake mna ajabu ya kemia ambayo vitabu vya shule huipita mbio, na tena mna habari ya kaka yangu.

Kwanza tuijue potasiamu yenyewe. Ninyi mnaijua kama metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka ikitupwa majini. Hiyo haimo mwilini. Iliyomo mwilini ni ioni, yaani atomu ya potasiamu iliyopoteza elektroni moja ikabaki na chaji moja ya chanya. Karibu yote, sehemu 98 katika 100, imefungiwa ndani ya seli. Katika majimaji ya damu imo kidogo sana, kiasi cha milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Moyo hupiga kwa kutegemea tofauti hiyo ya ndani na nje. Potasiamu ikipungua mno damuni, moyo hupotewa na mwendo wake. Ikipita 6.5, moyo waweza kusimama, hata kama mgonjwa ameketi kitini anazungumza na wageni. Kazi ya kuiondoa ile iliyozidi ni ya figo. Basi mtu ambaye figo zake zimechoka huishi jirani na hatari hiyo kila siku, na mara nyingi hakuna maumivu wala homa ya kumwonya. Kinachomwonya ni namba tu.

Sasa tazameni ugumu wa kuipata namba hiyo. Damu ni kitu cha chumvi. Sodiamu iliyomo ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, maana yake kwa kila ioni moja ya potasiamu ziko kama 35 za sodiamu. Na hawa wawili ni ndugu wa karibu. Wamo katika safu moja ya jedwali la elementi, wana chaji moja ile ile, na karibu chumvi zao zote huyeyuka majini. Utamtambuaje mmoja katika umati wa watu 35 waliovaa sare iliyo sawa na yake?

Kila aliyepita katika maabara ya shule ameona shida hii kwa macho yake. Chovya waya safi katika chumvi ya potasiamu, uuweke katika mwali wa moto, utaona rangi nzuri ya zambarau hafifu. Lakini ikiwa imeingia punje ya chumvi ya kupikia, manjano ya sodiamu hufunika yote, na zambarau haionekani tena. Ndipo mwalimu hukupa kioo cha buluu chenye kobalti ili kizuie manjano. Hospitali nazo zilitumia elimu hiyo hiyo ya mwali kwa miaka mingi. Mashine ilinyunyiza damu iliyozimuliwa kwa maji katika moto wa gesi, ikapima mwanga wa kila rangi peke yake. Kazi ilifanyika, ila ilitaka mtungi wa gesi, moto usioyumba, na mtu wa kuukodolea macho.

Kilichokuja kuchukua nafasi ya moto huo kilitoka udongoni. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Ujerumani, Brockmann na Schmidt-Kastner, walitangaza kwamba wamepata kitu kipya kinachotengenezwa na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces. Walipokivunjavunja walikuta ndani yake asidi amino iitwayo valini, na kwa hiyo wakakiita valinomaisini.

Hapa yafaa nieleze neno peptidi. Asidi amino zikiungana moja baada ya moja kama shanga katika uzi, mnyororo huo huitwa peptidi. Protini za nyama na maharage ni minyororo ya namna hiyo, ila mirefu sana. Ukizishika ncha mbili za mnyororo mfupi na kuzifunga pamoja, unapata pete. Valinomaisini ni pete kama hiyo. Wenye elimu watasema si peptidi tupu, nao wasema kweli, kwa kuwa kiungo kimoja ni asidi amino na kinachofuata ni asidi ya namna nyingine, zikipokezana hivyo mpaka pete imetimia. Moja ya hizo asidi nyingine ni ile ile ya maziwa yaliyoganda.

Viungo vyake ni vingapi? Hapo pana kisa kinachonipendeza. Watu wa Ujerumani walipofanya hesabu zao walisema pete ina viungo 8. Kule Moscow, Shemyakin na wenzake hawakutosheka na hesabu ya karatasi. Waliitengeneza pete ya viungo 8 kwa mikono yao, kiungo baada ya kiungo. Ilipokwisha wakailinganisha na ile ya bakteria, wakaona hazifanani, wala ile ya kutengenezwa haikuwa na nguvu. Basi wakatengeneza nyingine ya viungo 12. Hiyo ikalingana na ya asili kwa kila namna. Mambo hayo yalitangazwa mwaka 1963. Mimi huwaambia vijana wanaokuja kujifunza kwetu kwamba kukisia umbo la kitu ni mwanzo wa elimu, lakini ukiweza kukijenga nacho kikafanya kazi, hapo hakuna wa kukubishia.

Mwaka uliofuata, 1964, huko Marekani, Moore na Pressman walitia kidogo ya valinomaisini katika mitokondria, yaani vile vyumba vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu za mwili. Wakaona ioni za potasiamu zikiingia kwa wingi kupita utando ambao kwa kawaida huzizuia. Sodiamu haikupata mlango huo. Basi pete ilikuwa inachagua.

Inachaguaje? Haina macho wala akili. Jibu ni kipimo tu, kama cha kofia na kichwa. Ioni ikiwa majini haiko uchi, bali imezungukwa na molekuli za maji zilizoielekezea oksijeni zao. Ili iingie katika pete ni lazima ivue maji hayo, na kuvua kuna gharama. Pete ya valinomaisini imejikunja hata oksijeni zake 6 zikaelekea ndani, nazo zimekaa mbali na katikati kwa kiasi kinachoifaa ioni ya potasiamu barabara. Potasiamu ikiingia, kila oksijeni ya maji iliyoiacha imepata ya kushika mahali pake, na hasara ya kuvua inalipwa yote. Sodiamu ni ndogo zaidi, na tena hung'ang'ania maji yake kwa nguvu zaidi. Ikiingia katika pete hiyo, zile oksijeni haziifikii vizuri. Wala pete haiwezi kujibana ili iifuate, kwa sababu viungo vyake vimekazwa kwa vifungo vya haidrojeni kama mbavu za mtumbwi. Sodiamu yaona hasara, yarudi kwenye maji yake. Tofauti yake ni kubwa: pete huipenda potasiamu kuliko sodiamu kama mara 10,000.

Hapo utaona faida ya kuwa pete. Mnyororo ulionyooka ungeweza kuwa na oksijeni zile zile, lakini kila mara ungehitaji kujikusanya upya kuizunguka ioni, na mnyororo ulio huru haupendi kukusanywa. Pete imekwisha kukusanywa tangu ilipofungwa. Kazi ya kujipanga ilifanywa zamani, imebaki kupokea tu. Na kwa nje, pete hii imejaa sehemu zinazopenda mafuta na kukataa maji. Kwa hiyo huichukua potasiamu iliyo kitu cha majini, ikaipitisha katika mafuta kama abiria aliyefunikwa turubali.

Sifa hizo mbili, kuchagua na kupita katika mafuta, ndizo zilizoifikisha pete hii hospitalini. Mwaka 1969 Simon na wenzake wa Zürich, Uswisi, walieleza kifaa cha kupimia potasiamu kilichotumia valinomaisini. Katika mashine nyingi za leo kuna utando mwembamba wa plastiki uliolainishwa kwa mafuta, na pete zimeyeyushwa humo. Upande mmoja kuna maji ya chumvi ambayo kiasi chake cha potasiamu kinajulikana. Upande wa pili hupita damu. Pete zilizo kwenye uso wa utando hupokea potasiamu kutoka damuni na kuiacha sodiamu nje. Ioni chache sana zenye chaji ya chanya zikiingia utandoni, wenzao wenye chaji ya hasi wakabaki nje, tayari pana umeme kidogo kati ya pande mbili. Mashine huusoma umeme huo. Katika joto la mwili, potasiamu ikiongezeka mara kumi, umeme hubadilika kwa milivolti kama 60. Hakuna moto wala gesi, na jibu hutoka kabla hujamaliza kuandika jina la mgonjwa.

Sasa nifike kwa kaka yangu. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, naye alikuwa fundi wa magari, mtu wa nguvu na maneno mengi. Presha ilimkaa miaka mingi bila kupimwa, na siku ilipopimwa figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Mwaka 2021 alihamia Kampala kwa binti yake, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kila juma. Mwaka 2023 shangazi yetu alifariki, naye kaka akaja nyumbani kwa mazishi. Tulimsihi asikae sana. Akasema hawezi kuondoka kabla ya matanga kwisha, yeye ndiye mkubwa, watu watasemaje? Siku yake ya kusafishwa damu ikapita. Na chakula cha matangani mwakijua wenyewe: matoke, maharage, viazi, tena matoke.

Usiku wa Jumapili alisema miguu imekuwa mizito kama ya mtu mwingine. Wanawe wakamleta hospitalini kwetu, na zamu ilikuwa yangu. Mimi sikujua lolote. Nililetewa tyubu ya damu kama tyubu nyingine, nikageuza kibandiko, nikaliona jina la baba yetu.

Niliizungusha katika mashine ili majimaji yatengane na chembe, nikapima. Namba ilikuwa 7.6.

Katika kazi yetu, mtu akiona namba kama hiyo, jambo la kwanza si kukimbia, ni kuuliza kama ni ya kweli. Kumbukeni kwamba potasiamu imejazana ndani ya seli. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au tyubu ikitikiswa ovyo, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yao katika majimaji. Pete itaihesabu yote, kwa kuwa kwake potasiamu ni potasiamu. Haijui kama ilikuwa mwilini mwa mtu au ilimwagika ndani ya tyubu. Daktari akiamini namba hiyo, anaweza kumpa dawa kali mtu asiyekuwa na shida yoyote. Alama yake ni rangi: majimaji huwa ya waridi au mekundu badala ya manjano.

Niliinua tyubu nikaitazama kwenye taa. Majimaji yalikuwa manjano safi, kama mafuta ya alizeti. Nikapima mara ya pili. 7.5. Basi sikuwa na shaka tena. Sikungoja karatasi, nilipiga simu wodini nikamwambia daktari namba na hali ya damu ilivyo. Daktari alikuwa amekwisha kuuona mchoro wa umeme wa moyo, nao ulikuwa umeharibika. Alimchoma kaka dawa ya kalisi ili kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na sukari, ambazo huisukuma potasiamu irudi ndani ya seli kwa muda. Kwa muda tu, kwa sababu bado imo mwilini, na njia ya kuitoa kwa mtu asiye na figo ni kusafishwa damu. Hospitali yetu wakati ule haikuwa na mashine hiyo. Saa kumi na moja alfajiri nilipima tena, ikawa 6.1, na gari la wagonjwa likaondoka naye kwenda Kampala.

Baadaye nilikaa nikafanya hesabu, kwa maana mikono ikikosa kazi fikira huenda mbali. Tofauti kati ya damu ya kaka usiku ule na damu ya mtu mzima wa afya, mbele ya ule utando, ilikuwa milivolti kama 17. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Ndiyo kusema uhai wa mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu ulipimwa kwa umeme usiofika hata sehemu moja katika themanini ya betri ya tochi, na umeme huo ulitokana na pete zilizojua kumwacha sodiamu nje.

Kaka alipona. Nilipokwenda kumtazama Kampala nilimweleza habari za pete na bakteria wa udongo, naye akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza injini, kichwa upande.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," akaniuliza, "mimi nimeokolewa na taka za kijidudu?"

"Na daktari aliyekuwa macho, kaka."

"Na matoke je?"

Nikamwambia matoke hayajakatazwa kabisa, lakini yakatwe vipande vidogo, yachemshwe katika maji mengi, na maji yale yamwagwe, kwa sababu potasiamu nyingi hutokea majini, na hata hivyo ale kidogo. Akanijibu kwamba hayo si matoke tena, ni adhabu. Mpaka leo ninapoandika bado tunagombana juu ya jambo hilo kwa simu, na mimi huushukuru ugomvi huo.

Isidhaniwe, ndugu zangu, kwamba naisifu pete hii kama dawa. Valinomaisini haimezwi na mtu. Ni sumu kali, na sababu ya usumu wake ni sifa ile ile ninayoisifu. Ikiingia katika seli zenu ingeipitisha potasiamu penye utando uliowekwa kuizuia, na vile vyumba vya nguvu vingeharibika. Tena iko dada yake ambaye huenda mmekutana naye bila kujua. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, akikua katika wali ulioachwa sufuriani kutwa katika hali ya uvuguvugu, hutengeneza pete iitwayo sereulidi. Nayo ina viungo 12, nayo hushika potasiamu, na mlaji hutapika saa chache baada ya kula. Kupasha wali moto hakusaidii, kwa kuwa bakteria hufa lakini pete haivunjiki kwa moto wa jikoni. Wanaokula bwenini na walisikie hilo: wali uliobaki upozwe upesi, na uliolala nje ya friji utupwe.

Na kuna pete nyingine iliyo dawa hasa. Katika maduka yetu ya dawa huuzwa unga na marhamu za vidonda zenye basitrasini ya zinki. Basitrasini ni peptidi ya asidi amino 12, ambazo 7 zimefanya pete na 5 zimekuwa mkia. Ilianzia New York mwaka 1943, kwa binti wa miaka 7 aliyevunjika mfupa wa mguu ukatokeza nje. Mtaalamu wa bakteria, Balbina Johnson, aliona kwamba vijidudu vya usaha kutoka kidonda hicho vilitoweka katika chupa ya kuoteshea, kwa sababu bakteria mwingine wa kidonda kile kile alikuwa akiviangamiza. Jina la ukoo la binti, Tracy, ndilo lililoingia katika jina la dawa.

Nayo hufanya kazi kwa kushika metali, lakini kwa namna nyingine. Bakteria akijenga ukuta wake hutumia wachukuzi wa kupeleka matofali nje. Mchukuzi akisha kutua mzigo hubaki na fosfati mbili, na lazima avue moja ndipo arudi kuchukua mzigo mwingine. Basitrasini, ikiwa na ioni ya zinki, humkumbatia mchukuzi pale penye fosfati hizo. Zinki yenye chaji mbili za chanya ndiyo inayoziunganisha fosfati na dawa. Mwaka 2013 umbo lake lilionekana wazi kwa mionzi ya eksirei, na kweli dawa ilikuwa imezifunika fosfati pande zote. Mchukuzi harudi, matofali hayaji, ukuta unakatika, bakteria anapasuka. Ukiiondoa metali, nguvu ya dawa hupungua sana.

Lakini dawa hiyo hiyo njema juu ya ngozi huumiza figo ikidungwa mwilini. Kwa sababu hiyo, Januari 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni basitrasini ya sindano. Mimi niliye na kaka mwenye figo zilizokufa siwezi kulichukulia neno hilo kama habari ya mbali. Nikiona mtu anataka unga wa kidonda autie katika kila jeraha, hata kubwa la kushonwa, humwambia aoshe kwa maji safi na sabuni kwanza, kisha aende akaonwe.

Hilo ndilo nililojifunza kwa pete hizi. Kushika kwenyewe si wema wala si ubaya. Pete moja hushika potasiamu katika wali ikatapisha, nyingine huishika katika utando wa mashine ikaokoa, nyingine hushika zinki ikaponya ngozi na kuumiza figo. Mwenye faida ni yule aliyechunguza mpaka akajua pete yake inashika nini, inaacha nini, na mahali pake ni wapi. Mambo hayo matatu hayakupatikana kwa siku moja wala kwa mtu mmoja. Yalitaka Wajerumani wa kuipata, Warusi wa kuijenga, Wamarekani wa kuona inachofanya, na Waswisi wa kuitia katika kifaa. Wengi wao hawakuwa wakifikiria wagonjwa wa figo hata kidogo.

Basi ninyi mlio katika madarasa ya kemia, msichoke mapema na habari za vifungo na maumbo. Najua yanaonekana kama mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Siku moja huenda mkakaa mahali nilipokaa mimi, na namba ikatoka, na jina likawa mnalolijua.

Kwa yeyote anayefikiria kuifuata kazi hii, nimwachie desturi yetu moja. Utando ule huchakaa, na pete hutoka humo kidogo kidogo kila damu inapopita, hata mwisho mashine ikaanza kupunguza au kuzidisha. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya damu ya mtu yeyote, hupitisha kwanza maji ya chumvi yenye potasiamu ambayo kiasi chake nakijua. Jibu likiwa sawa, nafungua mlango na wagonjwa wanaanza. Likiwa si sawa, nabadilisha utando, na foleni yote inangoja, awe mkubwa au mdogo.

Nawatakieni heri katika masomo yenu.

Mwanafunzi wa zamani